Jinsi ya kukijaribu Kiesperanto katika sekondari ya Kigoma kabla hakijaitwa somo

Mwalimu anayetaka Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya watu wa mataifa yote, kiwe somo shuleni kwake atakwama mlango wa kwanza, kwa sababu shule haijitungii somo. Muhtasari hutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, mtihani hutoka NECTA, na lugha za kigeni zilizokwisha kupita njia hiyo, yaani Kifaransa, Kiarabu na Kichina, si kila shule inazo, maana muhtasari hauji na mwalimu ndani yake. Klabu ni jambo jingine. Inahitaji barua moja kwa mkuu wa shule, mwalimu mlezi, na darasa lililobaki tupu baada ya vipindi.

Tunavyoona sisi, kama somo la mtihani, bado. Kama klabu ya wiki 12, inafaa kujaribiwa, tena ijaribiwe kwa kupimwa. Hapa chini ni namna ya kuiendesha klabu hiyo katika sekondari ya kawaida ya Kigoma, iwe Ujiji, Kasulu au Kibondo, na namna ya kuipima ili madaftari ya wanafunzi ndiyo yajibu swali la somo. Aliye Urambo au Nzega naye anaweza kuufuata mwongozo huu, ila sehemu ya majirani haimhusu sana.

Usiiuze klabu kwa sababu isiyokuwepo

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kipindi cha kwanza. Mlezi anawaambia wanafunzi kwamba lugha hii itawawezesha kuzungumza na majirani. Mwanafunzi wa Kigoma hahitaji Kiesperanto kwa jirani. Akivuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira, Kiswahili kinamngoja huko. Akienda Burundi, Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi cha kununua, kuuza na hata kutaniana. Ahadi hiyo itavunjika wiki ya pili, na mwanafunzi mwerevu ndiye atakayeivunja.

Sababu zinazosimama ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiesperanto kinaonyesha sarufi waziwazi. L. L. Zamenhof, daktari wa macho, alikitoa Warsaw mwaka 1887, na kanuni zake za msingi ni 16 tu. Nomino huisha kwa -o, kivumishi kwa -a, kielezi kwa -e. Kitenzi cha wakati uliopo kina -as, uliopita -is, ujao -os. Mwanafunzi aliyechoka na Kiingereza kinachosema "go" leo na "went" jana anakutana na lugha ambayo kanuni ikishajifunzwa haina vighairi. Sababu ya pili ni mawasiliano na watu wa mbali. Mkutano mkuu wa dunia wa Waesperanto, wa 109, ulifanyika Arusha Agosti 2024, na ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika.

Je, kweli kinasaidia kujifunza Kiingereza? Majaribio ya kukitumia kama ngazi ya kupandia lugha nyingine yamefanyika Ulaya, yakiwemo ya Uingereza, Ujerumani na Hungaria, na watetezi wake huyataja kwa furaha. Tatizo ni kwamba maneno mengi ya Kiesperanto yametoka lugha za Ulaya, na mara nyingi walimu wa majaribio hayo walikuwa wapenzi wa lugha yenyewe. Mtoto anayetoka kwenye Kiha na Kiswahili hakuwemo. UNESCO nayo ilipitisha maazimio mwaka 1954 na 1985, na hilo la pili linazialika nchi wanachama kukiingiza shuleni. Linaalika, haliamuru, na halikupimia Kasulu.

Lini, nani, wangapi

Anza wiki ya pili ya Julai. Mwezi wa kwanza kidato cha kwanza bado wanaripoti na wako kwenye kozi ya kuingia katika Kiingereza. Ukiwaongezea lugha nyingine hapo utawachanganya. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya Kigoma ikipiga bati, zoezi la kusikiliza halifanyiki hata ukipaza sauti. Julai hadi mwanzo wa Oktoba ni kiangazi, na unamaliza kabla shule haijageuzwa kuwa kituo cha mitihani.

Chukua kidato cha kwanza au cha tatu. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa Novemba, na mzazi akisikia mtoto wake anajifunza lugha isiyo na mtihani mwezi wa Septemba, atakuja shuleni, na atakuwa na haki.

Siku ziwe mbili kwa wiki, dakika 40 kila siku, sawa na kipindi cha kawaida. Wiki 12 ni vipindi 24, jumla saa 16. Epuka siku ya michezo na siku ya usafi. Kwa shule ya kutwa, maliza kabla ya saa kumi na nusu jioni. Wapo wanaotembea mbali kurudi nyumbani.

Wanafunzi 20 wanatosha. Wakizidi 25 kila mmoja anazungumza chini ya dakika moja kwa kipindi, na lugha haiingii hivyo.

Mlezi ndiye nguzo. Awe ameanza kujifunza miezi mitatu kabla, nusu saa kila siku. Kozi za bure zipo: lernu.net mtandaoni, Duolingo kwa anayepitia Kiingereza, na njia ya Zagreb yenye masomo 12, ambayo inalingana vizuri na wiki zako. Mwalimu anayekwenda somo moja mbele ya wanafunzi huumbuka wiki ya nne, pale wanapomuuliza neno lisilo kwenye ukurasa wa leo. Mwalimu wa Kiswahili aghalabu hufaa kuliko wa Kiingereza, kwa sababu viambishi ni chakula chake cha kila siku.

Barua kwa mkuu wa shule iwe ya ukurasa mmoja: jina la klabu, siku na saa, idadi, jina la mlezi, tarehe ya kumaliza, na sentensi inayosema wazi kwamba klabu haichukui kipindi cha somo lolote. Kama mfundishaji anatoka nje ya shule, barua ipite pia kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri kabla hajakanyaga darasani.

Vifaa

Madaftari 20 ya kurasa 48. Kaunta buku moja la mahudhurio na alama. Karatasi 8 za manila: tano zikatwe kadi 24 kila moja upate kadi 120, tatu ziwe chati za ukutani, moja ya herufi, moja ya viishio, moja ya maneno ya kuuliza. Maka peni mbili, nyeusi kwa mzizi na nyekundu kwa kiambishi. Rangi hizo mbili zina kazi kubwa kuliko kitabu, kwa hiyo usiandike kadi nzima kwa rangi moja kwa kuokoa wino. Simu ya mlezi inatosha kwa sauti.

Kwenye Gboard, programu ya kuandikia kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiesperanto. Usipoweza, andika x baada ya herufi: cx, gx, hx, jx, sx, ux. Kila Muesperanto anaisoma hivyo bila shida.

Wiki mbili za kwanza: mdomo

Hapa Mswahili ana bahati. Irabu ni zile zile tano, a, e, i, o, u, zinatamkwa vile vile, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Anayesema "kitabu" sawasawa atasema "patrino" (mama) sawasawa. Mwingereza hutoka jasho hapo.

Herufi ni 28. Hakuna q, w, x wala y. Sita zina kofia au alama juu: ĉ ni ch ya chakula, ŝ ni sh ya shule, ĝ ni j ya jambo, ŭ ni kama w nyepesi, ĥ ni kh ya anayesema "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu, na ĵ ni j ya Kifaransa. Kisha mitego: j isiyo na kofia ni y, na c ni ts. Kwa hiyo "lernejo" (shule) ni ler-ne-yo, na "paco" (amani) ni pa-tso. Darasa zima litasoma j ya jambo kwa wiki mbili. Sahihisha kila mara bila kuchoka, na ubaoni chora kofia kubwa inayoonekana kutoka dawati la nyuma.

Kosa kubwa zaidi ni irabu ya ziada. Ulimi wetu haupendi konsonanti kukaa mwisho wa neno, kwa hiyo "lernas" inakuwa "lernasi". Inaonekana ndogo, kumbe silabi imeongezeka na mkazo umehama: LER-nas imegeuka ler-NA-si. "Knabo" (mvulana) inakuwa "kinabo", "strato" (barabara) inakuwa "sitarato", na "libroj" (vitabu) inakuwa "libroyi". Dawa yake ni makofi. Kila silabi kofi moja: lernas mbili, knabo mbili, strato mbili, libroj mbili. Anayepiga la tatu anajisikia mwenyewe. Dakika tano kila kipindi hadi wiki ya sita.

Wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani haitenganishi r na l wape jozi za kufanyia mazoezi: rano (chura) na lano (sufi), rito (ibada) na lito (kitanda).

Wiki ya tatu hadi ya sita: viambishi

Huu ndio moyo wa klabu. Usifundishe orodha ya maneno. Fundisha mizizi 12 kwa kipindi na namna ya kuizalisha. Kutoka "lerni" (kujifunza) wapate lernanto (mwanafunzi), lernejo (shule), lernejestro (mkuu wa shule). Kutoka "sana" (mwenye afya) wapate malsana, malsanulo (mgonjwa), malsanulejo (hospitali). Kisha uwageuze warudi nyumbani: soma, somo, msomi, someka, somesha. Kiambishi -ig- ni ndugu wa -sha yetu: "boli" ni kuchemka, "boligi" ni kuchemsha. Udogo na ukubwa wanaujua kwa kijumba na jumba. Huku ni dometo na domego. Samaki ni fiŝo, na samaki mdogo ni fiŝeto. Mwanafunzi wa kando ya ziwa ataomba neno la dagaa papo hapo. Fiŝeto imtoshe kwa leo, mgebuka usubiri.

Upatanisho wa wingi nao hauwasumbui. Anayesema "vitabu vizuri" hashangai kuona "bonaj libroj", kila neno likibeba alama yake. Wanachoshangaa ni kitenzi kutobadilika: mi lernas, ni lernas, ili lernas. Watatafuta kiambishi cha nafsi ambacho hakipo.

Nafsi zenyewe zimejaa maneno yanayofanana na yetu kwa umbo tu. "Mi" ni mimi, sawa. Lakini "ni" ni sisi, wakati kwetu ni- ni mimi. "Vi" ni wewe au ninyi, na "ili" ni wao. Usiyafundishe yote siku moja. Anza na mi na vi, kipindi kinachofuata li (yeye wa kiume) na ŝi (yeye wa kike), halafu ĝi (ya kitu au mnyama), ni na ili. Li na ŝi zitachanganywa kama "he" na "she" zinavyochanganywa, kwa sababu yeye wetu hana jinsia. Hapa klabu inaweza kulisaidia somo la Kiingereza moja kwa moja, kwa hiyo kosa hilo lihesabu kwenye kaunta buku kila wiki.

Wiki ya tano leta -n ya yambwa, yaani alama ya anayetendwa. Ndiyo inayowaangusha wengi, na ina mtego wa hapa kwetu: "libron" ikitamkwa "libroni", sikio la Mswahili linasikia kitabuni, yaani mahali. Fanya hivi. Wanafunzi watatu wasimame mbele na kadi: LA KNABO, VIDAS, LA HUNDON. Darasa lisome: mvulana anamwona mbwa. Wabadilishane nafasi: LA HUNDON VIDAS LA KNABO. Uliza nani anamwona nani. Wengi watasema mbwa ndiye anayeona. Onyesha -n nyekundu, rudia mara sita kwa mpangilio tofauti, kisha hamisha -n kwa knabo uone maana inavyopinduka. Usieleze kwa maneno mengi, kadi zinatosha.

Mwisho wa wiki ya sita hesabu mahudhurio. Kama wanaokuja kila mara hawafiki 12 kati ya 20, funga klabu. Usiwafuate mabwenini.

Wiki ya saba hadi ya kumi na mbili

Maneno ya kuuliza na kujibu yana jedwali la 45: mianzo mitano na miisho tisa. Ukilibandika lote siku moja, darasa litaliogopa. Toa safu ya ki- na ti- tu, maneno 18: kie (wapi) na tie (pale), kiam (lini) na tiam (wakati ule). Kial (kwa nini) na kiel (jinsi gani) zitachanganywa hadi mwisho. Zipe siku mbili tofauti.

Saa zinahitaji tahadhari. "La sepa horo" asubuhi ni saa moja yetu, si saa saba. Chora saa mbili ubaoni, moja ya Kiswahili na moja ya Kiesperanto, mikono ile ile.

Kuanzia wiki ya tisa waandike barua. Anwani iwe ya shule, barua zipite kwa mlezi, pasiwe na picha ya mwanafunzi wala namba ya simu. Vikundi vya Waesperanto vipo Burundi na Kongo, na Chama cha Dunia, UEA, chenye makao Rotterdam tangu zamani huunganisha shule na walimu. Barua ya karatasi huchelewa, kwa hiyo mlezi apige picha ya barua aitume kwa simu yake, lakini waandike kwa mkono. Maneno 80 yanatosha: jina, kidato, wanapoishi, wanachokula, swali moja kwa mpokeaji. Bila swali hakuna jibu.

Wiki ya mwisho pima vitu vitatu: kusoma matini ya maneno 120 na kujibu maswali kumi, kuandika barua ya maneno 80 bila daftari, na kuzungumza dakika mbili wawili wawili.

Kupima kama kinasaidia kweli

Alama za Kiesperanto peke yake hazijibu swali la somo. Swali ni hili: saa 16 hizo zingetumika kwenye Kiingereza chenyewe, mwanafunzi angepata zaidi? Kwa hiyo usiwalinganishe wanaklabu na wanaocheza mpira. Wakishinda, umepima faida ya kukaa darasani, hukupima Kiesperanto.

Chukua majina 40 ya waliojitolea. Pigeni kura mbele yao: 20 Kiesperanto, 20 klabu ya kusoma Kiingereza, siku zile zile, dakika zile zile, mwalimu mwenye bidii inayolingana. Kura ni lazima. Ukiwaacha wachague, wenye vichwa vyepesi watakimbilia lugha mpya na matokeo yatadanganya.

Kabla ya kuanza wape wote mtihani wa Kiingereza wa maswali 30: kumi ya msamiati, kumi ya ufahamu, kumi ya kusahihisha sentensi. Baada ya wiki 12 wape mwingine wa umbo lile lile, maneno tofauti. Karatasi ziwe na namba badala ya majina, na asahihishe mwalimu asiyejua nani yuko kundi gani. Rudia mwezi Januari, kwa sababu faida inayoyeyuka likizoni haina uzito wa kudai somo.

Tofauti ya alama moja au mbili kati ya makundi ya watu 20 haina maana. Wagonjwa wawili siku ya mtihani wanatosha kuileta. Fanyeni hivi miaka mitatu mfululizo, ikiwezekana shule mbili, moja ya mjini na moja ya Buhigwe au Kakonko.

Kundi la Kiingereza likishinda kila mwaka, klabu ibaki klabu, kwa wanaoipenda. Makundi yakilingana, Kiesperanto kimewapa lugha ya ziada bila kuwapunguzia Kiingereza, na hilo ni jambo la kuandikia halmashauri, ingawa bado si hoja ya kuongeza somo la mtihani. Kundi la Kiesperanto likishinda kwa wazi miaka yote mitatu, hapo ndipo maneno yaanze, na swali la kwanza liwe walimu. Shule yenye mlezi mmoja ambaye barua ya uhamisho inaweza kumpeleka Mpanda kesho haina somo, ina mtu.

Taarifa kwa mkuu wa shule iwe ukurasa mmoja: walioanza, waliomaliza, wastani wa kila kundi kabla na baada, na gharama za manila na madaftari. Karatasi za mitihani zifungwe kwa mwaka na zikae ofisi ya taaluma, ili atakayetilia shaka azisahihishe upya mwenyewe.